Goti la Fundi Uweso

Fundi Uweso wa Makorora hajawahi kuugua goti maishani mwake. Naliweka hili mwanzo kabisa, kwa sababu kwa muda mrefu mtaa wetu ulilihangaikia goti lake kuliko ulivyohangaikia maji na umeme. Liliombewa dua msikitini. Lilipakwa mafuta ya nyonyo, likafungwa majani ya moto, na mtu mmoja wa sokoni akaleta kichupa alichoapa kuwa ni mafuta ya simba. Goti lenyewe lilikuwa zima kabisa. Kilichokuwa kinamuuma ni kidole gumba cha mguu wa kulia.

Mimi ni Badru, dobi. Kibanda changu na duka lake vimegawana ukuta na baraza. Yeye anashona kanzu, mimi naipiga pasi, na bwana harusi anatoka hapo akiwa tayari kwa lolote. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na yale ambayo sikuyaona nimeambiwa na wenyewe.

Uweso ni mtu wa Moa, huko karibu na mpaka, ila alikuja mjini Tanga akiwa kijana na mji ukamkubali kwa sababu ya mikono yake. Tarizi ya shingo ya kanzu akiifanya yeye, huhitaji kuuliza imetoka wapi. Anamtazama mtu anavyopanda baraza tu, anajua mabega yake yalivyo kabla hajashika futi. Tatizo lake ni mdomo. Mdomo wa Uweso hauna breki, na ana kipaji ambacho sijakiona kwa fundi mwingine yeyote: anaweza kubana pini midomoni na bado akamsema mtu, neno baada ya neno, pini isidondoke hata moja.

Na hivyo ndivyo alivyomsema Rama.

Rama alikuwa fundi baiskeli hapo hapo mtaani, naye pia mtu wa Moa, na ndiye aliyekuwa mwadhini wetu. Ana sauti ambayo ilikuwa ikimtoa mtu kitandani bila kinyongo. Mwaka mmoja kidole gumba chake cha mguu kilivimba ghafla, kikawa chekundu na kung'aa, hata upande wa shuka ukikigusa alikuwa analia. Akapita mbele ya baraza letu akichechemea, kiatu kimoja mkononi. Uweso alimtazama, pini zake mdomoni, akasema kidole cha namna ile hakivimbi kwa maji ya mtungini, kile ni kidole cha bia na nyama choma. Kila mtu hapa mjini ameshasikia kwamba jongo ni ugonjwa wa walevi. Tulicheka sote tuliokuwa pale, na mimi nilicheka nikiwa na pasi mkononi. Kufika jioni maneno yalikuwa yamefika mtaa wa Nguvumali, tena yameshaongezewa jina la baa.

Rama hakujibu. Hakuja kugombana, hakuapa, hakumtuma mtu. Siku chache baadaye wazee wawili walimwuliza imamu kama ni sawa mtu anayesemwa vile kuendelea kutuita kwenye sala, na Rama aliposikia kwamba swali limeulizwa, aliacha mwenyewe. Akahamisha vifaa vyake vya baiskeli kwenda Nguvumali, akawa anasali huko. Adhana yetu tangu hapo inatolewa na bwana mmoja ambaye nia yake ni njema.

Sasa sikilizeni ya kidole cha pili.

Cherehani ya Uweso ni ya kukanyaga. Ameikanyaga tangu ujana, peku, kwa mbele ya mguu wa kulia, kidole gumba kikipinda na kunyooka kutwa nzima. Kwanza kilianza kukakamaa asubuhi. Halafu juu ya kiungo, pale kidole kinapoungana na mguu, kikaota kinundu kigumu, na makubadhi yake yakaanza kukisugua hadi kikawa chekundu. Uweso akaanza kuvaa soksi. Fikiria mtu mzima amevaa soksi nyeusi ndani ya Tanga mwezi wa Februari, tena mbele ya meza ya kupigia pasi. Nilimwuliza, akaniambia anaogopa mbu.

Kwenye cherehani angeweza kujificha. Kwenye sala haiwezekani. Mtu akikaa tahiyatu husimamisha mguu wa kulia, vidole vimepindwa kuelekea kibla, na kidole cha Uweso kilikataa kupinda. Yeye alikuwa mtu wa safu ya mbele, nyuma ya imamu kabisa, mahali ambapo kila mtu anamwona. Alasiri moja aliinuka kutoka sijda, akakaa, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia sauti imemtoka ambayo si ya sala. Baada ya salamu machozi yalikuwa yanamtiririka. Imamu wetu, Maalim Rahimu, akageuka na kumwuliza ana nini.

Uweso akasema, "Goti, Maalim."

Aliniambia baadaye kwamba hakulipanga. Lilimtoka lenyewe, kwa sababu goti ni maradhi ya heshima, kila mzee ana goti lake. Lakini kidole gumba, mtaa mzima ulikwisha fundishwa maana yake, na aliyeufundisha alikuwa yeye.

Kuanzia hapo akawa anasali juu ya kiti cha plastiki pembeni mwa safu, na goti likaanza maisha yake. Maalim Rahimu alilitaja kila Ijumaa baada ya sala. Mzee Shekhe, mkandaji maarufu wa Nguvumali, akajitolea kuja kulikanda bila kudai chochote, na mzee yule ana mikono kama ya mtu anayekanda unga wa harusi. Alilikanda hadi goti la watu, lililokuwa halina kosa, likaanza kuuma kweli. Uweso alikuwa analala chali, kavaa soksi zake, anauma meno, huku Mzee Shekhe akimwambia asikaze misuli, anausikia ugonjwa unatoka. Nilikuwa nacheka kimoyomoyo bila kujua ninacheka nini. Nilidhani tu mwenzangu hawezi maumivu.

Aliyejua ni mkewe, Bi Hafsa, maana soksi haivaliwi kitandani. Alikatazwa kusema. Akanyamaza, akachemsha maji ya kulikandia goti zima mbele ya wageni, hadi alipochoka. Siku alipopata habari kwamba kwenye hospitali moja ya mjini wamekuja madaktari wa mifupa wanaotibu kwa vitundu vidogo badala ya kupasua mguu wote, alimwambia mumewe achague: aende huko, au yeye Hafsa apande barazani na kumvua soksi mchana kweupe. Uweso akaenda, kwa njia ya nyuma.

Daktari alikuwa mwanamke, Dokta Jenifa, mtu wa milimani upande wa Lushoto, umri wa binti yake. Akamwamkia, "Shikamoo baba," kisha akamvua soksi mwenyewe kabla Uweso hajapata la kusema. Bi Hafsa anasema mumewe aligeuza uso ukutani kama bi harusi. Daktari akaushika mguu, akakipinda kidole taratibu juu na chini, akasikiliza kinavyokwaruza, na katika maswali yake akauliza kama anatumia pombe.

Uweso akawaka. Akamwambia yeye anatarizi kanzu za maimamu. Daktari hakupandisha sauti, akamjibu kwamba swali hilo huwauliza wote, masheikh na wachungaji wao pia, akaandika jibu na kuendelea. Wakampiga picha, wakampima damu. Picha ilipokuja alimwonyesha: ile nyama laini nyeupe inayokaa kati ya mifupa imelika, na juu ya kiungo mfupa umeota kama kigingi, ndio unaozuia kidole kisiinuke. Ni kiungo kilichochakaa, alisema, na huenda kazi yake ya kukanyaga imechangia.

Uweso akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo si kile cha bia?"

"Hili si jongo, baba," Dokta Jenifa akamwambia. "Na hata hilo jongo lenyewe, nimewatibu wengi ambao pombe hawajawahi kuinusa. Wengine ni figo. Wengine wamelikuta kwenye ukoo wao."

Bi Hafsa anasema hapo ndipo rangi ilipomtoka, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye jiki. Daktari akadhani anaogopa upasuaji. Akaanza kumtuliza kwamba ni jambo dogo, atakuwa macho, ataondoka siku hiyo hiyo. Uweso alikuwa hamsikii. Alikuwa anamwona Rama anapita na kiatu kimoja mkononi.

Upasuaji wenyewe alinihadithia kwa kirefu, kwa sababu ni mtu wa sindano. Walimchoma ganzi kwenye kifundo, mguu ukawa si wake. Walitoboa pembeni ya kidole tundu dogo kama la kifungo cha kanzu ya mtoto, wakaingiza chombo chembamba chenye kichwa kinachozunguka, na huku wakitazama kwenye kioo cha mashine ya picha wakausaga ule mfupa uliozidi, wakasafisha unga wake kwa maji. Mlio wake, alisema, ni wa cherehani ya umeme inapopita kwenye jinzi. Walifunga kwa nyuzi chache mno. Aliomba aonyeshwe kazi kabla haijafunikwa bendeji, akaitazama sana, akakubali kwamba yule binti anajua kushona. Daktari alimwambia wazi kwamba kiungo hakitarudi kuwa kipya. Atembelee kisigino, avae kiatu cha soli ngumu, na baada ya siku chache aanze kukipinda kidole hata kikimuuma, asije akakiacha kikakakamaa tena.

Sisi mtaani tulikuwa tumeambiwa kaenda Moa kwa dada yake, Kijakazi, kulipumzisha goti. Na kweli aliunganisha kutoka hospitali hadi Moa, bodaboda ikampeleka mpaka mlangoni, akajificha uani kwa dada yake kati ya miti ya ndimu na kuku. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kidonda kipone, arudi na soksi zake, aseme goti limepona kwa dua, na kila mtu afurahi.

Alichosahau ni kwamba sisi wa pwani mgonjwa hatumwachi. Ijumaa ya pili kiti cha plastiki kikiwa kitupu, Maalim Rahimu akasema haifai, twende tukamjulie hali. Tukaenda watatu: Maalim, mimi, na Mzee Shekhe na kichupa chake cha mafuta, maana aliona kazi yake imekatizwa njiani.

Na aliyetutangulia ni Rama. Alikuwa amekuja Moa kumtazama mama yake, ambaye nyumba yake haiko mbali na ya Kijakazi. Akasikia Uweso ni mgonjwa. Angeweza kupita. Lakini kumzuru mgonjwa ni haki ya mgonjwa, hata aliyekuvunjia jina, na Rama ni mtu wa kushika haki hizo. Yaliyofuata Kijakazi aliyaona akiwa jikoni anasonga bada, ule ugali wa muhogo, ndiye aliyenieleza.

Rama alipiga hodi na kuingia uani moja kwa moja, kama jirani. Uweso alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, mguu juu ya mto, bila soksi, kidole kimefungwa bendeji nyeupe kimekuwa kikubwa kama yai. Hakuwa na pa kukiweka. Wakatazamana. Rama akakitazama kidole, akamtazama tena Uweso usoni. Akavuta kigoda, akakaa. Na wakati huo huo sisi tukapiga hodi mlangoni, sauti ya Maalim Rahimu ikitangulia.

Rama akainuka. Akavuta kanga ya Kijakazi iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba, akamfunika Uweso mguu kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, akaichomeka pembeni vizuri. Akarudi kukaa kwenye kigoda.

Tulipoingia tukasalimiana, na Maalim akauliza hali ya mgonjwa. Rama ndiye aliyejibu. "Goti linaendelea vizuri, alhamdulillahi," akasema.

Mimi nilishangaa zaidi kumkuta Rama pale kuliko kitu kingine. Mzee Shekhe akafungua kichupa, akaanza kupaka viganja. Maalim Rahimu akainua mikono, na sisi tukainua, akaanza kumwomba Mola aliponye goti la ndugu yetu Uweso, fundi wetu, mtu wa safu ya mbele. Tukaitika amina. Nilipomtazama mgonjwa, alikuwa amejiinamia, na mikono yake hakuiinua.

Kisha akaivuta ile kanga na kuitupa chini.

"Maalim, usiliombee goti," akasema. "Goti ni zima. Limekuwa zima siku zote. Ni hiki."

Tukakitazama. Nakiri kwamba jambo la kwanza lililonijia kichwani ni bia. Nadhani lilitujia sote watatu, na Uweso aliliona nyusoni mwetu, kwa sababu alilipanda mwenyewe.

"Sikunywa," akasema. "Ni kiungo kimechakaa, daktari kaniambia. Na Rama hakunywa. Yeye lilikuwa jongo, na jongo linampata hata asiyejua harufu ya pombe. Nililisema mimi, pale barazani, bila kujua chochote, ili watu wacheke. Naona haya, Maalim. Naona haya hata kumtazama."

Kuku walikuwa wanaparura kwenye majani makavu. Mzee Shekhe alibaki na viganja vyake vinang'aa mafuta, akauliza taratibu lile goti alilolikanda siku zote zile lilikuwa linauma nini. Uweso akamjibu lilikuwa linaumizwa na mkandaji. Siku nyingine tungecheka hadi jioni.

Maalim Rahimu alikuwa wa kwanza kugeuka kwa Rama. Alimwomba radhi kwa ajili ya lile swali la wazee wawili, kwamba lilipoulizwa yeye alinyamaza badala ya kulizima. Mimi nilitaka kusema kitu kuhusu kicheko changu, nikaishia kuwatazama kuku. Rama aliinama, akaiokota kanga, akaikung'uta vumbi na kuirudisha kwenye kamba. Akasimama mbele ya kitanda.

"Umelisema Moa, Uweso," akasema, "mbele ya watu watatu na kuku wa dada yako. Lile ulilisema Makorora."

Akampa pole ya ugonjwa, akatuaga kwa heshima zote, akaenda kwa mama yake. Tulikula bada na mchuzi wa pweza bila mazungumzo. Kijakazi akadhani chumvi imezidi.

Uweso alirudi mjini akitembelea kisigino. Soksi hakuzivaa tena. Aliweka kigoda mbele ya cherehani, pembeni ya pedali, akawa anaegesha mguu hapo peku, bendeji kwanza, baadaye kovu ambalo lazima uelekezwe lilipo ndipo ulione. Na kila aliyepanda baraza alihadithiwa. Alianza na wale wale waliocheka. Akaenda kwa wale wazee wawili. Halafu akawa hachagui. Mwanamke kaleta kanzu ya marehemu mumewe ipunguzwe, anaambiwa habari za Rama. Bwana mmoja Mlutheri, Fanueli, mgeni kabisa wa mtaa huu, alikuja tu kupindiwa suruali, akasikiliza yote kwa adabu, mwisho akauliza, "Samahani fundi, Rama ni nani?" Uweso akamweleza Rama ni nani.

Wengine walimwambia basi, imetosha, watu wamekwisha sahau. Hilo lilimwudhi kuliko yote. Alisema lile la bia hawakulisahau, kwa nini walisahau hili? Nami niliyekuwa ukuta wa pili nililisikia mara nyingi kiasi kwamba haya yangu ilianza kuniwasha upya kila asubuhi, pamoja na pasi. Nikawa naongezea upande wangu: kwamba nilikuwapo, nikacheka.

Kidole kilikuja kupinda. Si kama zamani, lakini kinatosha. Kiti cha plastiki kilirudishwa stoo, na Uweso anakaa tahiyatu yake, ila safu ya mbele hakurudi. Anasali nyuma, karibu na viatu. Maalim Rahimu alimwita mara kadhaa, akaacha.

Ijumaa moja baada ya sala, watu wamejaa barazani wakingoja kanzu za maulidi, Uweso alikuwa amekaa kwenye cherehani, anabana bega la kanzu ya kijana wa watu huku akihadithia, pini mdomoni. Alifika pale Rama anapopita na kiatu mkononi. Mimi niliyekuwa nimeelekea barabarani ndiye niliyemwona kwanza. Rama alikuwa amesimama chini ya baraza, ameshika baiskeli yake, anasikiliza. Sijui alianza kusikiliza wapi.

Uweso akageuka kufuata macho yangu. Akanyamaza. Miaka yote niliyomjua sikupata kumwona Uweso akikosa neno katikati ya habari. Watu wakapeana nafasi. Wengine wakatazama chini, kwenye ule mguu wake peku juu ya kigoda. Nilidhani atautoa. Hakuutoa.

Rama akaiegemeza baiskeli ukutani, akapanda baraza, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Endelea," akasema. "Mimi sijawahi kulisikia hapa."

Uweso akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa kanzu yake. Kisha akaanza upya, tangu mwanzo.